Mbegu Haisafiri kwa Posta

Akheri, mwezi wa mvua, 1912

Mwanangu Sumari uliyeko Tanga kwenye reli,

Pokea salamu. Sisi wazima, migomba imebeba, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeanza kusoma na mvi kichwani, na vijana wote wa darasa nimewashinda.

Ulisema Hanna asipozaa mwaka huu utamrudisha kwao. Basi nimempeleka kwa daktari Mdachi aliyefika misheni. Nilitangulia mimi, yeye nyuma na mama yako, maana baba mkwe haendi bega kwa bega na mkwewe.

Daktari haoni kasoro kwa Hanna. Akasema kwao Ulaya wako madaktari wanaochukua mbegu ya mume kwa bomba dogo, wakaiweka ndani ya mke. Mara hushika, mara haishiki. Ajabu! Nikauliza, "Haipoi njiani?" Mama yako akanifinya. Sikunyamaza. Nikasema, "Bwana, mwekee basi huyu."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Mzee, ya mumewe iko wapi? Au umeileta kwenye kibuyu?"

Anataka kwanza aitazame yako kwa kioo kinachokuza vitu, pengine kasoro iko kwako. Usinune. Unamkumbuka fahali wangu mwekundu niliyejivunia kote? Tuliwalaumu majike, kumbe ni yeye.

Hanna harudi kwao. Panda gari moshi uje, daktari yupo mpaka mavuno.

Ni mimi baba yako, mbishi kama unavyonijua,
Lazaro Kaaya