Ng'ombe wa Bashay na Wasomaji Wangu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ile ya kwanza najua utaipokea moyoni tu na hutaijibu. Habari za hapo Tlawi? Miguu inasemaje na baridi hii ya mwezi wa saba? Mama anameza dawa zake za presha, au amezificha tena kwenye kopo la chumvi? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, kazi ipo. Roho ndiyo si nzima, na ndiyo maana nimekaa kuandika kwa kalamu, maana simu yangu hupokei tangu kabla ya Pasaka. Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa kazini, mtu wa Arusha, aliyepata likizo. Amekubali kufika nayo hadi stendi ya Mbulu na kumkabidhi dada Marselina mkononi.

Kazi yangu ni ile ile, kuhudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa hapa Ujerumani. Nawaogesha, nawalisha, nawafunga vifungo vya shati. Wengine hawana wa kuwajulia hali kutoka Jumatatu hadi Jumatatu. Bibi mmoja huniita kwa jina la binti yake, nami huitika, kwa sababu kumkatalia naona ni ukatili. Zamu ikiisha narudi chumbani kwangu, nafunga mlango, na hakuna anayeuliza kama nimefika.

Huko kukaa peke yangu ndiko kulikozaa ile blogu. Nasikia ulipoambiwa nimeandika mtandaoni ulidhani nimesimama mnadani na kipaza sauti. Hukukosea sana. Acha nikueleze mwenyewe. Ni ukurasa ambao mtu anaandika mambo yake, na yeyote mwenye simu anaweza kusoma. Anayependa anaacha anwani yake, na tangu hapo kila unapoandika kitu kipya kinamfikia bila yeye kukitafuta. Hao ndio wasomaji waliojiandikisha. Ni kama wateja wa maziwa wa mama. Anayepita njiani akanunua kikombe kimoja si mteja, mteja ni yule aliyekuachia chupa yake. Na unajua mwenyewe, ukikosa kumpelekea siku mbili, chupa inahamia kwa jirani.

Mwanzoni walikuwa watatu: Marselina, huyu mwenzangu wa Arusha, na mimi mwenyewe kwa anwani yangu ya pili. Usicheke. Nikajiwekea sheria kwamba kila Jumamosi asubuhi, iwe mvua iwe jua, kitu kipya kitoke. Kila aliyeniandikia nilimjibu kwa jina lake, na mwisho wa kila habari niliuliza swali, ili mtu aone kwamba namsubiri. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Vijana wa kwetu walioko Dar na Mwanza, nesi mmoja wa Katesh, kisha mwalimu mstaafu wa Tanga aliyewahi kupangiwa kazi Mbulu akakaa huko miaka mingi. Aliniandikia kwamba hata leo joto likimzidi anaukumbuka ukungu wa Tlawi. Baba, sijui nikwambieje. Kwa wiki nzima hakuna mtu katika nchi hii aliyekuwa ananisubiri, ila hao walinisubiri.

Lakini kuwapata ni rahisi kuliko kuwashika. Nilipoandika habari za mvua na mahindi, baadhi waliondoka. Mtu akijiondoa naletewa taarifa, tena na jina lake kabisa, na kila jina lilinichoma. Nilipoandika jinsi mama alivyomkimbiza kuku aliyeingia kanisani, walikuja wengi. Nikajifunza kwamba hakuna anayejiandikisha kwa ajili ya mvua, watu wanajiandikisha kwa ajili ya watu. Basi nikaanza kuwaandika watu wetu mmoja baada ya mwingine. Ikafika Ijumaa moja sina kitu. Wiki hiyo walikuwa wameondoka saba, na yule nesi wa Katesh alikuwa mmoja wao. Niliogopa, nikaona wananihama wote. Ndipo nikaandika habari za rafiki yako Mzee Boay.

Unakumbuka uliponipeleka kwake Bashay, nikiwa na miaka kumi? Mlikaa mkanywa chai, kisha ukaenda zizini ukawapapasa ng'ombe watatu migongoni, ukiwasemesha polepole. Njiani ukaniuliza, "Umeona nini kwa Boay?"

Nikasema, "Ng'ombe wako."

Ukasimama. "Umeona nini?"

"Nimeona chai."

Ukacheka, tukaendelea na safari. Nilielewa siku hiyo, baba. Sina kisingizio cha utoto wala cha kutojua.

Niliwaeleza wasomaji kwamba kwetu mtu hawafungi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki, rafiki anawachunga na kuwakamua, na ng'ombe yupi ni wa nani wanajua wao wawili. Nikaeleza jinsi ugonjwa ulivyomaliza zizi letu mwaka ule, wakabaki hao watatu wa Bashay, na jinsi ndama wa mmoja wao alivyonisomesha chuo cha uuguzi bila Mzee Boay kufungua mdomo kwa mtu yeyote. Niliandika kwa sifa. Nilitaka watu wajue kwamba kuna binadamu wa namna ile. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kweli ni kwamba nilitaka pia Jumamosi isinipite mikono mitupu.

Jina lake nililibadilisha. Nilimwita Mzee Yakobo, nikamhamishia Masakta kule Hanang, nikajiona mjanja. Ila ng'ombe sikuwagusa. Nilimweleza yule mweusi mwenye baka jeupe begani, ambaye pembe yake ya kushoto imeinama hadi karibu na jicho. Mimi, mtoto niliyezaliwa Tlawi, nilimficha mtu nikasahau kumficha ng'ombe! Mwalimu wa Tanga asingetambua chochote. Mtu wa Bashay alisoma mstari mmoja akajua ni zizi la nani.

Waliojiandikisha wiki ile walikuwa wengi kuliko wa miezi yote iliyotangulia. Nilicheza peke yangu chumbani. Na mimi nikicheza, habari ile ilikuwa inarushwa kwenye makundi ya simu huko nyumbani. Siku ya mnada mtu mmoja akamuuliza Mzee Boay mbele ya wenzake, "Mzee, leo umeleta wa kwako au wa watu?" Wakacheka. Mtu ambaye kwa miaka thelathini alipewa kiti kwa heshima ya zizi lake. Posa ya mwanawe nayo ikaanza kusuasua, wakwe hawasemi ndiyo wala hapana.

Marselina ndiye aliyenipigia. Hata salamu hakunipa.

"Wewe Paskalina, umeandika nini huko?"

Akaniambia ulivyokuwa umetoka kanisani Jumapili, watu wote wako barabarani, na Mzee Boay akawapitisha ng'ombe wote watatu katikati ya watu, mchana kweupe, hadi uani kwetu.

"Baba akamwambia, Boay, karibu ukae kwanza, chai ipo," alisema Marselina. "Akasema, nimeshakunywa. Akasema, angalia kama wapo wote. Akaondoka."

"Na baba?"

"Baba anawaangalia ng'ombe tu. Hajala."

Nilifuta habari ile siku hiyo hiyo. Kuifuta ni kugusa kioo mara mbili tu, natamani ingekuwa kazi ngumu zaidi. Watu walikuwa wameshaihifadhi. Wasomaji wapya wakaniuliza imekwenda wapi ile ya ng'ombe, tuletee nyingine kama ile. Nakiri kwako kwamba niliendelea Jumamosi mbili zaidi, kwa woga wa kuwapoteza. Kisha nikafunga kabisa. Mwalimu wa Tanga akaniandikia, "Nilizoea kunywa chai yangu ya Jumamosi na wewe, binti yangu." Nililia sana. Nilimlilia huyo nisiyemjua sura kabla sijamlilia Mzee Boay aliyenisomesha, na hilo linaniaibisha kuliko yote.

Sasa naambiwa Mzee Boay ni mgonjwa, hatoki ndani tena, na chakula anakionja tu. Naambiwa pia kwamba ukienda mnadani unapita njia ya juu, ndefu, ili usipite mlangoni kwake. Mlibatizwa siku moja, baba. Mimi ndiye niliyewatenganisha, kwa mikono hii, nikiwa nimekaa kitandani na simu.

Nisalimie mama, mwambie kitenge nimekipata ila bado natafuta rangi aliyoitaka. Msalimie shangazi Martina na goti lake. Katekista naye mwambie namshukuru kwa kuniombea, aendelee, bado nahitaji. Marselina nimemwandikia karatasi yake pembeni, asikusumbue kwa maswali.

Kunisamehe sikuharakishi. Siku yake utaijua mwenyewe, na isipofika nitajua kwa nini. Naomba jambo moja tu. Nenda Bashay, Mzee Boay akiwa bado anaitambua sauti yako. Ukiona inafaa, nenda na yule mwenye pembe iliyoinama, umwache huko. Na ukishakwenda, au ukiamua kutokwenda, usiniambie. Usimtume Marselina aniambie. Hata siku nitakaposhindwa kuvumilia nikakuuliza mwenyewe, ninyime jibu, baba. Libaki lenu wawili.

Ni mimi mwanao,
Paskalina