Vimulimuli vya Mraru

Mraru,
21 Juni 1978

Kwa dada yangu mpendwa Elsie,

Salamu nyingi zikufikie huko Kishushe, wewe na shemeji na watoto wote. Natumaini kile kifua chako kimepona, na kwamba mvua haikuharibu barabara kiasi cha kuchelewesha barua hii. Sisi hapa tu wazima, Mungu anatutunza. Mume wangu Thadeus bado yuko kazini Voi, anakuja Jumamosi na kurudi Jumapili jioni. Siku nyingine tuko mimi, watoto na baba mkwe wangu, Mzee Obadiah.

Uliniuliza kama ni kweli wanavyosema, kwamba mzee anafuga wadudu. Dada, ni kweli, na nitakueleza.

Alipostaafu kazi ya reli, miaka mitano sasa, aliona kimulimuli mmoja kwenye majani nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapotokea. Hakuwa wa kuruka. Alikuwa jike lisilo na mabawa, kama kiwavi, limeshika unyasi na mkia wake unawaka kijani. Asubuhi mzee akatuambia panga lisiguse tena majani yale. Akachimba mfereji mdogo ili maji ya bafu yatambae hadi mwisho wa shamba, akapanga mawe na mbao zilizooza kivulini ili pasikauke. Dirisha la jikoni akalitundikia gunia, akisema mwanga wa taa unawapoteza madume wanaoruka wakitafuta wake zao. Konokono nao tusiwaue, maana ndio chakula cha watoto wa vimulimuli. Mimi nilicheka moyoni, nikadhani ni uzee.

Mwaka wa kwanza walitokea wanne. Mwaka wa pili aliacha kuhesabu. Mwaka wa tatu, mwezi wa Mei, baada ya mvua ya wiki nzima, nilitoka kuanua nguo giza likiingia, na nguo zikaniponyoka. Majani yote yalikuwa yamewaka, Elsie, kutoka bafuni hadi kwenye ua. Si kama moto, moto hutikisika na una sauti. Hawa walitulia tu. Nilipeleka mkono karibu, sikusikia joto lolote, lakini niliiona mistari ya kiganja changu kwa mwanga wa mdudu. Nilisimama pale hadi maharagwe yakaungua jikoni, na hakuna aliyenigombeza, kwa sababu wote walikuwa wamesimama nyuma yangu. Jirani yetu Ndambuki, yule Mkamba anayelima nyanya ng'ambo ya ua, alikuja na mkewe Nzembi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakujua Mungu ameweka kitu kama hiki karibu na nyanya zake. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila jioni, wanakaa na mzee bila kuongea.

Mwaka jana hawakutokea. Mzee alikwenda kule nyuma jioni baada ya jioni, hadi mwezi wa sita ukaisha. Kisha Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, akamsimamisha Ndambuki mbele ya wote na kusema dawa yake ya nyanya ndiyo iliyowaua. Ndambuki akaapa kwamba hakupiga dawa msimu ule. Nani angemwamini, na pampu yake inaning'inia ukutani kila mtu akiiona? Wakaacha kusalimiana. Nzembi akaacha kuja kuomba moto kwetu. Watu wengine wakaanza kuzipita nyanya zao, wakisema zina sumu.

Elsie, ni mimi niliyewaua. Konokono walikuwa wametoboa kabichi zangu zote. Nikanunua dawa ya konokono Voi, nikaimwaga alasiri moja mzee akiwa amelala. Niliimwaga kwenye kabichi, kisha kwenye majani ya mzee pia, kwa sababu humo ndimo walimojificha. Siwezi kusema sikujua. Nilishayaona yale kwa macho yangu, na bado siku ile nikajiambia ni wadudu tu. Na mzee aliposema vile mbele ya kanisa, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Nzembi, nikanyamaza. Nilinyamaza mwaka mzima.

Mwezi uliopita mzee alirudi kutoka kule nyuma magoti yamelowa, anacheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa amempata mmoja. Jumapili nikamwambia kwamba ni mimi. Aliniuliza jambo moja tu, kama niliimwaga mara moja au mara mbili. Kisha akachukua fimbo, akaenda kwa Ndambuki, nami nikamfuata. Akaomba msamaha bila kulitaja jina langu. Ndambuki akamjibu, "Mzee, uliyasema mbele ya watu. Yasafishwe mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema. Ndambuki alimpa mzee mkono. Nzembi hajanitazama mpaka leo, na simlaumu.

Baada ya hapo mzee alikula chakula changu siku tisa bila kunisemesha. Jana, giza likiingia, nikasikia ananiita kutoka nyuma. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amesimama wima pembeni mwa majani, hasogei. Hawakuwa wengi, labda kumi na wawili, lakini walikuwa wadogo sana, wachanga, wako chini kabisa kwenye udongo, wametapakaa hadi kwenye kabichi zangu, kila mmoja na kinukta chake cha kijani. Mzee akaniambia polepole, "Loise, vua viatu."

Nikavua.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Ukipata nafasi, njoo kabla mvua haijasahaulika. Uniombee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Loise