Nywele au Helmeti

Jumanne, Julai 2006. Baridi ya Kinoo leo ni ile ya kuvaa sweta mbili, na manyunyu hayajakoma tangu asubuhi. Lakini mimi nina furaha, na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni karani katika ofisi moja ya mjini, mke wa Mutiso, mama wa Mwende, na tangu Pasaka naendesha baiskeli hadi stesheni ya Kikuyu kupanda treni ya asubuhi. Nilijifunza nikiwa mtu mzima, nikianguka mbele ya majirani. Sketi naivaa juu ya suruali, viatu vya ofisi natia mkobani, baiskeli namwachia mlinzi wa kinu cha unga karibu na stesheni. Hayo yote niliyaweza.

Kilichonishinda ni helmeti.

Si kwamba niliidharau. Watu wa huku wakiniona nayo huniuliza stima inarudi saa ngapi, kana kwamba mimi ni fundi wa umeme, nami huwajibu kesho. Shida ilikuwa nywele zangu za kusuka. Nikizifunga kisogoni, helmeti inakaa juu kama kifuniko cha sufuria iliyojaa. Nikikaza mkanda, unanisonga koo. Jana lori lilipita karibu, upepo wake ukaisukuma helmeti ikanifunika macho, nikaishia kwenye nyasi, baiskeli juu yangu.

Jioni Mutiso aliona matope kwenye koti. Hakufoka.

"Mama Mwende, hiyo kitu ikae kwa kichwa vizuri, ama baiskeli niipeleke kwa ndugu yangu Machakos."

Namjua. Angeipeleka Jumamosi hii hii.

Sikulala vizuri. Nywele hizi nilianza kuzifuga kabla sijaolewa, na nakiri nilikuwa naringa nazo. Lakini baiskeli ndicho kitu cha kwanza nilichojifunza bila kutumwa na mtu.

Leo nikitoka kazini nikapita kwa kinyozi, si saluni. Akashika mashine, akasita.

"Madam, uko sure? Mzee anajua?"

"Nyoa."

Kwenye geti nikakutana na jirani yetu, Mama Kioko. Kuona kipara, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Ni nani ametuacha?"

"Hakuna mtu. Ni nywele tu zimetuacha."

Nilicheka mpaka naye akacheka, ingawa aliendelea kunitazama kwa wasiwasi.

Mutiso hakucheka. Alinizunguka akikikagua kichwa, nami nikakumbuka kwamba sikuwa nimemuuliza. Kisha akachukua helmeti, akanivisha mwenyewe, akafunga mkanda. Akaivuta kushoto, akaivuta kulia. Haikusogea.

"Sasa imekaa," akasema, akaenda kunawa mikono ale.

Tangu tumalize kula najiangalia kwenye kioo. Kumbe nina kichwa chenye umbo zuri hivi! Miaka yote hiyo nilikuwa nimekificha. Najivunia, na sitajifanya sijivunii.

Mutiso ameniuliza sasa hivi kama kesho anisindikize mpaka barabarani, maana ukungu utakuwa mwingi.

Nimemwambia alale. Njia naijua.