Atu, Nimempata wa Kumuuliza Mkurugenzi

Atupele mwanangu,

Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la maharage. Mvua imewakimbiza wateja, na malori yamejipanga mpaka huku kwetu yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Ulizoea kunicheka kwamba mwandiko wangu unayumba kama mlevi. Utausoma hivyo hivyo. Ni darasa la saba hili hili lililouza mchele mpaka ukaenda kujifunza kurusha ndege, usisahau.

Hapa sokoni bado sina jina lingine. Mimi ni Mama Rubani. Wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wananiita BanaAtu, yaani mama wa Atu, na zamani ndege ikipita juu nilikuwa nawaambia, jamani punguzeni sauti, mwanangu yuko kazini. Nilijua ndege yako haipiti Tunduma. Lakini nani angenibishia?

Sasa ikipita naangalia chini. Naangalia mchele.

Nikueleze yaliyotokea, maana ulilala na hukusikia. Siku tunakuzika kule Ileje kampuni yako ilileta jeneza zuri, ikaleta basi, ikaleta na chakula. Mkurugenzi alikuja na miwani yake nyeusi, akasimama karibu na kaburi, akasema, "Atupele alikuwa kama binti yangu. Ni mpango wa Mungu." Mimi nilikuwa kwenye mkeka nimefunikwa kanga, wanawake wamenishika huku na huku. Baba yako mkubwa akasimama kama msemaji wa ukoo kutoa shukrani. Unamjua akishika neno haliachi. Akashukuru kanisa, akashukuru wapishi, akashukuru vijana waliochimba, na utamu wa kushukuru ulipomkolea akasema, "Na kwa kampuni, sisi kama familia hatuna neno nao. Yameishia hapa." Watu wakaitikia amina. Mama wa marehemu haongei siku ile, Atu. Nilimeza ile amina kama jiwe.

Haukupita muda tukasikia redioni. Kampuni inasema ndege ilianguka kwa kosa la rubani, mzigo uliokuwa unaupeleka kambi ya watalii ulikuwa wa kawaida, ndege ilikuwa nzima. Na familia yenyewe, wakasema, ilitamka mbele ya watu kwamba haina neno. Wachunguzi wa ajali hata hawajamaliza kazi yao. Wamekuzika mara ya pili, na safari hii wakatumia mdomo wa shemeji yangu kama jembe.

Wewe rubani uliyefanya kosa. Wewe uliyenipigia jioni ya mwisho ukasema, "Mama, nimewaambia hii injini haivuti vizuri, wanasema wataitazama nikirudi." Ukacheka kidogo. Ukaniuliza bei ya maharage.

Basi nikasema yule mkurugenzi ataulizwa. Sitaki jeneza lake wala basi lake. Nataka asimame mahali asipoweza kuondoka, aulizwe, na watu wakisikia. Kwa hiyo nikatafuta wakili.

Wa kwanza aliletwa na baba yako mkubwa, bado tunalala chini msibani. Kijana msafi, viatu vinang'aa, akaniambia, "Mama, aliyeondoka harudi, weka sahihi hapa upokee fidia, upumzike." Nikamuuliza nani kamlipia nauli kutoka mjini. Akaanza kusifia hali ya hewa ya Ileje. Nikamuuliza tena, akasifia milima. Nilimwacha amalize chai, kisha nikamwonyesha njia.

Wa pili alikuwa Mbeya, ofisi ina viti vinavyokumeza. Kabla sijamaliza salamu akasema, "Bibi, hii kesi tumeshashinda." Jina lako hakuliuliza. Akaendelea kusema kijana wetu hivi, kijana wetu vile, nikagundua anadhani ulikuwa mwanaume. Nikamwambia rubani ni binti. "Aaa, kumbe mwanamke," akasema, na akaniangalia kama mtu aliyepelekewa mzigo pungufu. Nikanyanyuka kwa hasira, kiti kikakataa kuniachia, ikabidi karani wake aje anivute mkono. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Wa tatu ni wakili Sekela, binti wa Vwawa. Ofisi yake imeshikana na duka la mbolea, harufu yote inaingia ndani. Ni mwembamba, umri wako, hatabasamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mimi nikamwaga yote, nikamweleza na ulivyokuwa wa kwanza darasani. Kisha akaanza. Atupele alilala vizuri usiku wa kuamkia safari? Alikuwa mlevi? Kuna mwanaume aliyekuwa anamvuruga akili? Na akafika pale. "Mama, kama alijua injini ni mbovu, kwa nini aliiwasha?"

Mwanangu, nilimtukana. Nilisema maneno ambayo mchungaji akiyasikia ataniondoa kwenye kwaya. Nikamwambia yeye hajui uchungu wa kuzaa, na kama ana mama, basi mama yake ana hasara. Alisubiri. Nilipoishiwa pumzi akauliza tena, sauti ile ile, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele: "Kwa nini aliiwasha?"

Nikaondoka bila kuaga. Nikapanda gari la Tunduma. Tulipofika Mpemba ndipo wazo likanijia. Kama swali lile limenichoma hivi mimi, ambaye sina cha kuficha, litamfanya nini yule mkurugenzi? Nikamwona amevuliwa miwani. Nikamwona anasema ni mpango wa Mungu, na huyu binti anasubiri, kisha anauliza tena, sauti ile ile. Kwa nini uliiruhusu iruke? Nikacheka peke yangu ndani ya gari, mara ya kwanza tangu uondoke. Mama niliyekaa naye akavuta mkoba wake akauweka upande wa pili.

Nilishuka, nikavuka barabara, nikarudi Vwawa. Nilimkuta anakula hindi la kuchoma. Hakushangaa. Akasema, "Karibu mama. Tulikuwa tumefika kwenye injini."

Nikamjibu. Nilimweleza ulivyokwisha kuikataa ile ndege mara moja, na walivyokwambia kiti chako kina watu wengi wanaokitaka. Akaandika. Akasema ataanza kwa kudai kumbukumbu zote za matengenezo, na atawatafuta mafundi waliokuwa kazini. Kuhusu baba yako mkubwa alisema yale ni maneno ya msibani tu, hayafungi mahakama, lakini watayaimba kila siku tusipoyafunga pale pale yalipofunguliwa.

Nikayafunga. Siku ya kuanua matanga kampuni ilimtuma ofisa na sukari na mablanketi. Baba yako mkubwa alipojiandaa kushukuru tena, nikasimama mimi. Akaninong'oneza, "Shemeji, kaa, mwanamke haongei hapa." Nikamwambia kwa sauti ya sokoni, "Anayeongea ni mama wa rubani." Nikamgeukia yule ofisa. Nikasema yaliyosemwa kaburini yalikuwa ya shemeji yangu. Mimi nina neno. Na kinyongo ninacho, kikubwa kuliko nyumba hii, kamfikishie mkubwa wako. Akaniuliza kwa adabu kama kweli anipelekee salamu za namna hiyo. Nikamwambia akisahau lolote anipigie, nitamkumbusha.

Kisha baba yako mkubwa akavua kofia, akasema, "Mama Atu amesema. Mimi nilikosea." Haikuwa rahisi kwake, nilimwona kidevu kinacheza. Akaamuru mablanketi yarudishwe kwenye gari. Sukari ilikuwa imeshaingia kwenye chai, hiyo haikurudi.

Kesi imefunguliwa. Juzi wakili wao alipiga simu kuomba tukae mezani, tumalize kimya kimya. Aliomba, Atu. Wakili Sekela aliniuliza nasemaje, nikasema nataka chumba chenye watu.

Aliniuliza na jambo jingine. Ikionekana na wewe ulikosea mahali, hata kidogo, nitaweza kukaa mle ndani nikasikia? Nilikuona mdogo, na sare yako ya shule iliyokuwa inakupwaya... Nikamwambia nitakaa. Chako nitakibeba mimi mama yako, lakini chake akibebe mwenyewe.

Mchungaji ananisihi nisamehe. Namheshimu. Nimemwambia nitasamehe, lakini mtu aulizwe kwanza ndipo asamehewe.

Nakuahidi hivi. Kila siku ya kesi nitaamka mapema, nitafunga kibanda, nitavaa kitenge kipya, nitakaa benchi la mbele kabisa anione. Sitapiga kelele. Nitamwangalia tu mpaka aseme kwa mdomo wake ni nani aliyeiruhusu ile ndege iruke. Jina lako likishasafishwa nitakuja Ileje kukwambia mwenyewe.

Lala, mama. Mimi bado nina kazi na yule mtu.

Mama yako,
Mama Rubani