Fulana Mbili Chini ya Mizabibu

Jumapili, 2 Machi
Tumezika fulana! Mbili, nyeupe, za pamba. Moja upande wangu wa shamba, moja upande wa mdogo wangu. Ni ushauri wa mtaalamu wa udongo: ziacheni wiki nane. Udongo ukiwa hai, wadudu watazitafuna. Ukiwa umekufa, zitatoka kama zilivyoingia.

Mdogo wangu alicheka hadi akakohoa. Kisha akakaza uso. Miaka miwili ya kilimo hai imemchosha — zabibu zimepungua, magugu yanampita magoti. "Ya kwako, dada, wewe unayejiua na jembe, ikitoka safi mimi napiga dawa." Nikakubali. Haraka mno. Akinyunyiza hata mara moja, cheti cha kilimo hai cha shamba zima tunaanza kukisubiri upya.

Jumanne, 11 Machi
Nimelima tena kati ya mistari. Siwezi kuona jani geni nikatulia. Kwake ni msitu mtupu. Nimemwita mvivu mbele ya vibarua.

Mgongo hoi.

Alhamisi, 27 Machi
Nimefukua kidogo. Ukingo tu! Mweupe. Nikafukia upesi, nikatazama nyuma kama mwizi. Bado mapema, najua. Nimelima ili nijitulize.

Ijumaa, 11 Aprili
Mtaalamu kapita. Kachota udongo wangu, ukamwagika vidoleni kama unga. Akauliza nalima mara ngapi — nikapunguza hesabu. Kasema jembe nalo linaua: kila ukiugeuza udongo, jua linaukausha, minyoo inakosa pa kukaa. Majani yafyekwe tu, yaachwe yaufunike. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Alipoondoka nikalima mistari minne. Mimi nina nini?

Jumapili, 27 Aprili
Naandikia shambani, nimekaa chini, mikono michafu. Tulipatana saa nne. Mimi nimefika saa mbili.

Yangu imetoka nzima. Ukiifua unaivaa.

Yake imebaki ukosi na mishono. Shimo lake limejaa minyoo, mizizi ya nyasi kila upande. Kwa mvivu wangu! Udongo umefufuka kweli, na si kwa jasho langu. Nimefurahi na nimeona aibu, vyote pamoja.

Nikisema ukweli? Yeye hushika neno lilivyosemwa: yako ikitoka safi. Labda ataona mwenyewe kwamba upande wake ndio ushahidi. Labda. Lakini kwanza lazima nitamke kwamba nimemtukana bure, na kwamba nusu ya shamba nimeiua mimi.

Nikizibadilisha? Hatapiga dawa. Hakuna atakayejua. Nimeshakaa nazo hapa nusu saa nikiwaza hivyo, Mungu anisamehe.

Lango limelia. Anakuja, anapiga mluzi. Begani ana jembe jipya, bado lina karatasi ya dukani! Anasema kwa mbali amewaza sana juu ya maneno yangu: kama yangu imeliwa, anaanza leo, anapindua upande wake wote, hataki kuitwa mvivu tena.

Amefika. Fulana zote mbili ziko mapajani mwangu. Anauliza ipi ni yangu.

Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia kuandika.