Baba, Sisomei Kutengeneza Kompyuta

Baba mpendwa,

Goti linasemaje? Na Mama, bado anakuchunga usiongeze chumvi? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uskoti inanivalisha soksi mbili mbili hadi darasani.

Baba, keti kwanza. Juzi kaka Barasa alinipigia simu ya video akanionyesha sebule yetu ya Buruburu. "Niaje sistee! Cheki vile buda amejaza hao! Mtaa mzima umeleta kompyuta zimekufa, wanangoja ukam uzitengeneze." Eti wewe ndiwe "buda" uliyejaza nyumba! Nilicheka naye, na simu ilipokatika nikalia. Kosa ni langu. Ulipotangaza kanisani kwamba binti yako anakwenda kusomea kompyuta, nilinyamaza kwa kuona ulivyofurahi. Ukweli ni kwamba sijui kufungua hata skrubu moja. Ninasoma historia ya mashine za kukokotoa: jinsi watu walivyowaza kwamba chuma kinaweza kufuata kanuni, na maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu kamwe. Niliogopa utasema hiyo si kazi.

Wiki jana profesa wetu, mama asiye na mzaha, alitaka kila mmoja aeleze mashine inayokataa kosa. Wenzangu walitaja mambo ya vitabuni. Mimi niliazima vijiko sita mkahawani nikavipanga mezani, vile ulivyokuwa ukinipangia Jumapili baada ya ibada, kila kijiko mkono mmoja wa chuma, kunionyesha kazi yako ya kuzifungulia treni njia. Ukivuta mkono huu wa chuma kufungulia treni ya Kisumu, ule wa pili unajifunga wenyewe. Hata uuvute kwa hasira, treni mbili hazitapewa njia moja. Profesa alinirudisha mwanzo mara tatu, kisha akasema niandike tasnifu yangu juu ya hilo, iwapo nitampata mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

"Yuko," nikamwambia. "Ni baba yangu."

Kwa hivyo naomba msamaha, na naomba unifundishe. Barasa akurekodi kwa simu, ueleze polepole, maana nitaandika kila neno.

Nisalimie Mama, huyo kaka yangu mtundu, Senje, shangazi yangu anayeshona viatu Kariokor, na Kukhu kijijini, mwambie nyanya yangu ninakula vizuri.

Ukikasirika, kasirika tu, Baba. Lakini unijibu wewe mwenyewe. Ukurasa wa kwanza bado ni mtupu, na siwezi kuuanza bila wewe.

Bintiyo,
Nekesa