Pazia Lililoachwa Wazi

Machi 3

Mjukuu wangu,
Hujambo? Mimi mzima, ila macho yanawasha kama nimekata vitunguu vya harusi tatu. Jirani ndiye anayeniandikia, nami nimemwonya asiyapambe maneno yangu.

Tangu picha uliyonipiga kwa kamera ya kliniki yenu ilipomwonyesha daktari kwamba tezi za mafuta kwenye kope zangu zimekufa, akaniambia nisishone tena, cherehani nimempa shangazi yako. Nyumba imepooza. Mbona huandiki? Umekatwa mikono?

Bibi yako

Aprili 20

Bibi, shikamoo. Macho yanaendeleaje?

Naona aibu hata kushika kalamu. Kamera ile inataka chumba chenye giza. Ulipogoma, ukasema hukai gizani kama mwizi, nilishindwa kukubishia, nikaacha pazia wazi. Nilipogeuza kope, mwanga wa dirisha ukapiga ule unyevu wa ndani, picha ikatoka na doa jeupe. Kwenye doa tezi hazionekani. Daktari akadhani hazipo. Nilitambua wiki ileile. Nikanyamaza.

Njoo tupige upya, kimyakimya.

Mjukuu wako

Mei 2

Mjukuu,
Salamu baadaye. Miezi miwili nimekaa kama gunia, na wewe unajua!

Aibu ninayo na mimi. Nilikuamrisha kazini kwako kana kwamba uko jikoni kwangu. Lakini kimyakimya ndiyo nini? Wangapi wengine walikalia kiti kile pazia likiwa wazi? Mficha uchi hazai. Mwambie daktari. Kabla ya hapo siji, hata kope zidondoke.

Nakupenda, mjinga wewe.

Bibi yako

Mei 15

Bibi, shikamoo. U mzima?

Nimemwambia daktari, mbele ya wenzangu wote. Nilitamani ardhi inimeze. Tumepekua picha: tisa zina doa kama lako, zote za siku za joto nilipofungua pazia na dirisha. Wenyewe wameitwa waje Jumanne kupigwa upya. Nimeondolewa kwenye kamera, sasa niko mapokezi. Utakuja?

Mjukuu wako

Mei 18

Mjukuu wangu,
Nimeamka salama, nawe uamke hivyo.

Nakuja. Wale tisa usimwachie daktari. Waambie kwa mdomo wako, mmoja mmoja, na atakayekutukana umwitikie kwa unyenyekevu. Mimi niweke wa kumi. Ukishawaomba radhi wote, njoo uniombe na mimi. Nimeshakusamehe, lakini utaomba.

Bibi yako